Kigurudumu cha Nzuki na Chupa ya Mbarika

Watu wakija kwenye gereji yetu hapa Matiliku, swali lao la kwanza ni kile kigurudumu kilichopigiliwa msumari juu ya mlango. Mume wangu huwaambia ni pambo. Pambo! Mzee wa kanisa mzima, mvi kichwani, na bado anadanganya wageni. Mimi ni Kavata, mke wake, na leo nimechoka kusikia hiyo habari ya pambo. Mikono miwili ilipita kwenye hicho kigurudumu, wake na wangu, na aliyekaa ndani ya gari siku kilipoleta balaa alikuwa Jonah, ndugu yangu wa pekee, mwana wa mwaitu, yaani wa mama yetu, tuliyenyonya titi moja.

Nzuki, mume wangu, alizaliwa Nuu, kwa mfua vyuma anayeitwa Kisilu. Mzee huyo alikuwa anavuta waya mpaka unakuwa mwembamba wa kusukia mikufu, na mkewe, mama mkwe wangu, ndiye aliyekuwa anakabidhi kazi kwa wenyewe. Wiki yangu ya kwanza kwake alinipa chupa ya mafuta ya mbarika na amri moja: chuma hakitoki kwa mfua vyuma kikilia. Kama ni jembe, kama ni bawaba, kama ni roda ya kisima, mke wa fundi anakipaka mafuta kwanza, halafu mwenyewe anakichukua. Kikitoka kinalia, kinatangaza njia nzima kwamba fundi amelala. Nilishika hiyo amri kama ninavyoshika Amri Kumi, na pengine zaidi, kwa sababu kwa zile Kumi Mungu husamehe lakini mama mkwe, wapi!

Baadaye Nzuki aliteremka mpaka barabara ya Mombasa, akajifunza magari Emali, na mwaka wa sitini na tisa tukafungua gereji yetu Matiliku. Alitengeneza pikapu, mashine za kusaga mahindi, pampu za maji. Alikuwa na masikio ya ajabu. Gari ikipita barabarani yeye akiwa anakunywa chai, angekuambia plagi gani imechoka. Na mimi kwa kukaa karibu naye nikajifunza kusikia, hata kama yeye hajawahi kukubali.

Sasa Mbugua. Huyu alikuwa kijana wa watu kutoka Nyeri, wazazi wake walikuja Emali wakafungua duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka wa sabini na nane alinunua Datsun ya milango miwili, ya michezo, rangi ya machungwa, na akili yote ikamwishia humo. Alikuwa anaenda kushindana Nairobi kwenye uwanja wa mbio wa lami, na huku kwetu kwenye mbio za barabara za vumbi. Jonah, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na anajua kusoma ramani, ndiye aliyekaa kando yake kumwambia kona inayokuja.

Siku moja Mbugua alirudi kutoka Nairobi amenuna. Akamwambia Nzuki, "Fundi, wenzangu wananiacha kwenye kona. Nikikanyaga mafuta, gari inafikiri kwanza ndiyo inaenda."

Ole wangu, hayo maneno yalimwingia mume wangu! Wiki mbili hakula vizuri. Alikuwa anafungua boneti, anasukuma pedali kwa mkono, anaangalia jinsi waya unavyovuta gurudumu dogo lililo kando ya kabureta. Akaona kwamba lile gurudumu ni duara kamili, na pedali lazima itembee mbali kabla koo la kabureta, pale hewa na petroli zinapopita, halijafunguka. Basi akachonga lake kwa shaba, akalifinya likawa na umbo la yai. Ukigusa pedali kidogo tu, waya unavuta kwenye ule upande mwembamba, na koo linafunguka wazi mara moja. Alikunja na springi yake mwenyewe ya kulirudisha, kwa ule ufundi wa waya wa baba yake. Mbugua alipoijaribu pale uwanjani kwetu gari iliruka mbele mpaka kuku wetu wakapanda paa.

Mbugua alipiga kelele za furaha. Jonah alicheka. Mimi nilienda kuwashusha kuku.

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu, "Baba Mulei, gari ikikimbia kabla mtu hajafikiri, huyo mtu atafikiri saa ngapi?"

Akasema, "Kule Ulaya watu wananunua vitu kama hivi dukani."

"Ulaya hakuna ndugu yangu ndani ya gari. Na hujui haraka haraka haina baraka?"

"Mama Mulei, wewe angalia chai yako. Vyuma niachie mimi."

Angalia chai yangu! Mimi niliyepaka mafuta kila kitu kilichotoka mikononi mwake kwa miaka kumi! Niliapa sitamwambia neno, na sikumwambia. Siku tatu tulikaa nyumba moja kama wageni. Chakula naweka mezani, anakula, natoa sahani. Jumamosi alasiri alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni, akasema, "Mama Mulei, kuna kitu nataka nikuambie kuhusu ile gari." Nikabamiza sufuria juu ya jiko. Akaenda zake. Hiyo sufuria ninaisikia mpaka leo.

Mashindano yalikuwa Jumapili. Nzuki hafanyi kazi Jumapili, kwa hivyo aliacha gari ikiwa tayari, akaondoka mapema kwa sababu kwaya ilikuwa na mazoezi kabla ya ibada. Mimi nilibaki na Mulei, mtoto wetu, alikuwa na surua. Saa mbili asubuhi Mbugua na Jonah wakaja. Jonah alinisalimia bila kunitazama usoni, kwa maana alijua nitamuuliza kuhusu kanisa.

"Mwalimu mzima," nilimwambia, "Jumapili unaenda kukimbizana na magari?"

"Dada, Mungu yuko hata kwenye vumbi," akasema, akanibembeleza kwa tabasamu lake la kitinda mimba. Nikawamiminia chai.

Boneti ilikuwa wazi, walikuwa wameangalia maji. Mbugua alikuwa ameingia akagusa pedali mara moja kabla ya kuja mezani, na mimi nikasikia. Kwiii. Kile kigurudumu kilikuwa kinalia. Aiya! Gari inaenda mbele ya watu wa Emali na Machakos na Wahindi wa Nairobi, inatoka kwangu ikilia. Nilikuwa na hasira na mume wangu, lakini hasira ni ya ndani ya nyumba na heshima yake ni ya nje. Nikachukua chupa yangu. Wao wakiwa na vikombe mkononi, mimi nilienda nikadondosha mbarika kwenye ekseli ya kigurudumu, kwenye springi, na kwenye waya pale unapoingia kwenye ganda lake. Nilidondosha kwa ukarimu. Nikakisukuma kwa kidole mara tatu, kikaenda na kurudi kimya kabisa. Nilijisikia mke mwema. Wakaondoka, Jonah akinipungia ile ramani yake dirishani.

Nzuki alirudi kutoka kanisani saa sita na nusu. Mahubiri yalikuwa ya kusameheana, alivyoniambia baadaye, lakini mimi nilishaamua peke yangu kwamba vita vimetosha. Nikampakulia muthokoi, nikakaa mbele yake, nikasema, "Baba Mulei, usiseme sikutunzii jina. Kile kidude chako kilikuwa kinalia asubuhi. Nimekipaka mbarika."

Mkono wake ulisimama njiani kwenda mdomoni. Akaweka kijiko chini polepole.

"Umepaka wapi?"

"Kote. Kwenye ekseli, kwenye springi, kwenye waya."

Akafumba macho. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, na ile sauti ndiyo iliyonitia hofu. Kile kigurudumu alikuwa amekiacha kikavu makusudi. Alikuwa amesaga risasi za penseli akakipaka ule unga, kwa sababu vumbi halishiki kwenye unga wa penseli. Mbarika ni nzito. Barabara zetu ni vumbi jekundu, laini, linaingia mpaka ndani ya saa ya mkono. Vumbi likikutana na mbarika linakuwa udongo wa kukandikia nyumba. Springi haitakuwa na nguvu ya kukirudisha. Mbugua atakanyaga mafuta, ataondoa mguu, na gari itaendelea kukimbia.

"Ndiyo nilitaka kukuambia jana," akasema.

Nikamwona Jonah akilini, akipunga ramani. Mama yetu alipokufa alinishika mkono akasema, huyu ni wako sasa, na mimi nilimlea, nikamsomesha, nikamwona akivaa tai ya ualimu.

Magari yalikuwa yametoka Emali saa nne, yakazunguka kwenda Makueni, na yalitarajiwa kupita tena juu ya Matiliku saa nane, halafu yateremke ule mteremko wa kwenda kwenye drifti, pale barabara inapovuka mto. Mteremko huo una kona moja, na upande wa kushoto wa kona kuna korongo. Mahali pengine popote gari ikikwama mafuta itaingia kwenye kichaka. Pale itaingia korongoni. Nzuki alikimbia kwa jirani yetu Kiilu akaazima baiskeli, mimi nikamwachia mke wa Kiilu mtoto, nikapanda kwenye keria nyuma. Tulipanda kilima kile na mume wangu akiwa na shati lake jeupe la kwaya, jasho linamtiririka. Njia nzima niliomba, Ee Bwana, mbingu na nchi ni zako, simamisha hilo gari popote lilipo, hata kama ni pancha.

Tulifika juu ya kona saa nane kasoro. Watu walikuwa wamejipanga kwenye kingo, na kulikuwa na msimamizi wa mashindano, bwana mmoja mwenye bendera na kofia pana. Nzuki alimwambia gari namba kumi na nne isimamishwe.

"Una barua?" akauliza.

"Sina barua. Mimi ndiye fundi wake. Mafuta yatakwama."

"Bwana, mashindano hayasimamishwi na mtu wa baiskeli. Tokeni barabarani."

Nilimtukana yule mtu. Mungu anisamehe, ilikuwa Jumapili, lakini nilimtukana kwa Kikamba chote ninachojua na Kiswahili kidogo. Nzuki akanishika bega. "Fungua kitambaa chako," akasema. Nilikuwa nimefunga kichwa kwa kitambaa chekundu. Akakichukua, akasogea juu ya kona, hatua kama mia, mahali ambapo dereva angemwona kutoka mbali.

Gari ya kwanza ikapita. Ya pili. Kila moja ilikuja hivyo hivyo: inaunguruma ikikaribia, halafu pale juu dereva anaondoa mguu, sauti inashuka, inapumua, ndiyo inaingia kwenye kona. Nilizihesabu. Ya tisa. Ya kumi na moja. Vumbi lilitanda mpaka jua likawa kama limefungwa shuka. Halafu nikaisikia. Sikuhitaji kuona rangi. Niliijua ile injini tangu iliporusha kuku wangu.

Ilifika pale juu. Sauti haikushuka.

"Imekwama!" Nzuki akapiga kelele, na akaingia katikati ya barabara. Alikuwa anapunga kitambaa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anazungusha ngumi hewani, anaonyesha ufunguo, zima, zima! Mume wangu mbele ya gari na ndugu yangu ndani yake, na mimi ndiye niliyewapanga hivyo.

Gari ilikuja breki zikilia, matairi yamefungwa, na injini bado inapiga yowe la kwenda mbele. Niliona kiti cha Jonah kiko kitupu. Nilidhani ameanguka njiani, kumbe alikuwa ameinama chini ya dashibodi, mikono yote miwili kwenye pedali, anaivuta juu. Mbugua alimwona Nzuki. Kushoto korongo, mbele mtu. Akakata kulia.

Upande wa kulia ni shamba, na miaka miwili kabla yake sisi kina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi za pamoja, tulikuwa tumechimba matuta pale, safu juu ya safu, ya kuzuia maji yasichukue udongo. Tulichimba kiangazi kizima huku waume zetu wakitucheka. Gari ilipanda tuta la kwanza ikalibomoa, ikapanda la pili, na kwenye la tatu ikakaa juu ya tumbo lake, magurudumu yanazunguka hewani. Bado ilikuwa inanguruma. Nzuki alifika kwanza, akaingiza mkono dirishani, akazima ufunguo. Kukawa kimya hivi kwamba niliwasikia watoto wakilia barabarani.

"Jonah!" niliita. "Jonah!"

"Niko, dada," akasema kutoka chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki, lakini alikuwa hai. Nilikaa chini kwenye udongo, nikalia bila aibu.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Yule bwana wa bendera alikuja, watu wakajaa, Mbugua akitokwa damu kwenye paji la uso anapiga kelele, "Ni ile kitu yako, fundi! Ile kitu yako ilitaka kutuua!" Nzuki alifungua boneti. Nilisimama nyuma yake, nikaona. Kigurudumu chote kilikuwa kimevaa udongo mwekundu, mzito, unang'aa kwa mafuta. Mtu yeyote aliyekulia Ukambani angeinama tu akajua harufu ya mbarika. Nzuki alitoa shati lake jeupe kwenye suruali, akafuta nalo lile tope lote, springi, ekseli, waya, akalichomeka tena shati. Kisha akageuka.

"Springi niliyokunja ilikuwa dhaifu," akawaambia. "Kosa ni langu."

Nikafungua mdomo. Akanitazama. "Mama Mulei, mletee mwalimu maji."

Nami nikaenda kuleta maji. Hiyo ndiyo dhambi yangu, si mbarika. Mbarika ilikuwa ujinga na ujinga hauna kesi. Maji ndiyo niliyoyaleta nikijua.

Shati lile nililifua mara tano. Doa halikutoka.

Baada ya hapo wateja walikwisha. Pikapu zilipita mlangoni petu zikienda Emali. Kwaya ilimpumzisha. Watoto walimwita fundi wa korongo. Alikaa kwenye benchi lake akitengeneza taa za mafuta ya taa, na hakuna hata siku moja aliyoniambia neno la lawama, na afadhali angenipiga. Jonah alitoka hospitali na plasta mpaka kiunoni, na nani atamtunza kama si mimi? Alikaa kwenye chumba chetu cha mbele miezi mitatu. Nikamlisha, nikamwosha miguu. Kila asubuhi alimsalimia Nzuki kwa adabu ndogo, yaani "habari" tupu, bila kumwita shemeji. Niliona jinsi ile "habari" ilivyomkata mume wangu, nikanyamaza.

Plasta ilipotolewa, daktari alisema mguu ukandwe kila siku. Kwetu unakanda kwa kitu gani? Kwa mbarika. Sikuwa nimeigusa ile chupa tangu siku ile. Niliishusha rafuni, nikapasha mafuta moto kidogo kwenye kijiko, nikaanza kukanda goti lake. Nzuki alikuwa pale dirishani na taa yake mkononi.

Jonah akainua kichwa. Akavuta pumzi puani. Akavuta tena.

"Dada," akasema, "hii harufu ilikuwa ndani ya gari."

Mikono yangu ilisimama.

"Tangu tulipopita Makueni, injini ilipopata moto. Nilidhani ninakumbuka nyumbani."

Nzuki akaanza, "Mwalimu, magari mengi huwa na..."

"Nyamaza, Baba Mulei," nikasema. "Ni mimi, Jonah. Kilikuwa kinalia, nikakipaka mafuta, sikumwambia. Hakuna springi dhaifu. Hapajawahi kuwa na springi dhaifu kwa mtoto wa Kisilu."

Ndugu yangu alinitazama, akamtazama Nzuki, akarudi kwangu. Nilitazamia matusi. Yalikuwa haki yangu.

"Shemeji alijua?"

"Alijua."

"Na wewe ukamwacha miezi mitatu." Machozi yalimlengalenga. "Mguu wangu ni wako, dada, wewe ndiye ulinifundisha kutembea. Lakini huyu! Jumapili utasimama wewe, au nisimame mimi na magongo?"

Nilisimama mimi. Kwetu kuna wakati wa ushuhuda kabla ya mahubiri, watu husema walivyopona malaria na walivyoacha pombe. Nilipeleka chupa yenyewe, nikaisema yote, sufuria, mbarika, shati, na yale maji. Nyuma kanisani mtu alisema "Woi" na hakuna aliyeimba. Nzuki alikuwa anatazama viatu vyake. Njiani kurudi alinipokea kikapu akakibeba, yeye ambaye hajawahi kubeba kikapu.

Jumanne yake, habari zikiwa zimeshafika Emali, pikapu ya duka la kina Mbugua iliingia uwanjani. Mbugua akashuka, kovu kwenye paji la uso. Kutoka mfukoni alitoa kile kigurudumu cha shaba, amekisafisha, akakiweka kwenye mkono wa Nzuki, ndicho hicho mnachokiona juu ya mlango.

"Fundi, klachi inateleza," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, tafadhali, kaa mbali na gari yangu."

Nilistahili. Niliingia jikoni. Siku nzima nilisikia mume wangu akifanya kazi kwa mara ya kwanza baada ya miezi, spana zikigonga, na akiimba ile sauti yake ya besi. Jioni Mbugua aliporudi, nikasikia mlango wa pikapu ukifunguliwa. Kwiii. Halafu nikasikia Nzuki akimwambia angoje.

"Mama Mulei!" akaita. "Lete chupa."

Nilitoka. Mbugua alikuwa amekunja uso, anataka kusema kitu.

"Hakuna kitu kinachotoka hapa kikilia," Nzuki akamwambia, na akanishikia mlango wazi. "Bawaba tu, mama. Boneti nimeifunga."

Nikapaka bawaba nne, na mbarika nyingine nikaimwaga chini.